Hanesi Hii Imepanda Mara Ngapi? Namna ya Kuhesabu Safari za Vifaa vya Kupandia Minara

Januari 2023 nilitandaza hanesi mbili, ile mikanda ya mwili anayovaa mpanda minara asianguke, juu ya meza ya stoo, namba 7 na namba 12. Zilinunuliwa siku moja mwaka 2021, risiti yake ni moja, na lebo zinaonyesha zilitengenezwa mwezi mmoja. Kwenye daftari langu zilikuwa mapacha. Nikashika utepe wa paja wa namba 7, pale unapopita ndani ya bizimu, nikaukunja juu ya kidole gumba. Nyuzi zikachomoza kama ndevu za mahindi. Mshono wa pembeni yake ulikuwa umelika, uzi wa njano umebaki nukta nukta. Nikaukunja wa namba 12 mahali pale pale: umekaza, hauna hata unyoya mmoja.

Nikawauliza vijana. Wakaniambia namba 7 imeshazoea mwili, bizimu zake hazisumbui, inamkaa mnene na mwembamba, kwa hiyo kila anayeingia stoo anachukua hiyo. Namba 12 inalala chini ya rundo. Nikauliza, sasa hii imepanda mara ngapi? Mmoja akasema mia, mwingine akasema mia mbili. Mimi mwenye funguo za stoo pia sikuwa na jibu. Namba 7 niliikata kwa mkasi siku ile ile, na tangu hapo kila kifaa kinachotoka mlangoni kwangu kinahesabiwa.

Natunza vifaa vya timu ya mariga, yaani mafundi wa kupanda minara ya simu, kumi na wanne hapa Tanga mjini. Minara yetu iko kila aina ya mahali: Pangani na Mkinga kwenye chumvi ya bahari, Handeni kwenye vumbi jekundu, Lushoto kwenye ukungu unaolowesha kila kitu hadi saa tano asubuhi. Nina hanesi 22, lanyadi pacha 26 (kamba fupi zenye kulabu zinazomshikiza mtu kwenye mnara), kamba 9 na karabina zaidi ya mia, zile pete za kuunganishia zenye lango. Vijana wanapenda kusema ajali haina kinga. Nimewaambia mara nyingi, ndani ya stoo hii msemo huo siutaki, maana kinga ndiyo kazi ninayolipwa kuifanya.

Haya ninayoandika ni kwa mtunza stoo mwenzangu, au kiongozi wa timu ndogo isiyo na bajeti kubwa. Wanaopanda miamba kwa kamba, wanaosafisha vioo vya maghorofa na wanaopogoa miti mirefu nao watapata kitu, kwa sababu nailoni ni ile ile.

Kwa nini tarehe ya lebo haitoshi

Kiwango cha Ulaya cha EN 365 kinataka vifaa vya kumkinga mtu asianguke vikaguliwe na mtu mwenye ujuzi angalau mara moja kila miezi 12. Watengenezaji wengi wanaweka kikomo cha miaka 10 kwa vitu vya nyuzi, hata kama havijawahi kutoka kwenye mfuko. Hilo watu wengi wanalijua. Wanachokiruka ni ukurasa unaofuata wa kijitabu. Kwa kamba za kupandia, majedwali ya watengenezaji huenda hivi: isiyotumika kabisa, miaka 10, inayotumika mara moja au mbili kwa mwaka, hadi miaka 7, mara moja kwa mwezi, hadi 5, mara kadhaa kwa mwezi, hadi 3, kila wiki, mwaka 1, karibu kila siku, chini ya mwaka. Kamba mbili za tarehe moja, moja ina haki ya kuishi miaka 10 na nyingine isizidi miezi kumi na moja. Tarehe imeandikwa kwenye lebo. Idadi ya safari haijaandikwa popote mpaka wewe uiandike.

Tarehe 23 Oktoba 2006, Todd Skinner, mpanda miamba mashuhuri wa Marekani, alifariki kwenye jabali la Leaning Tower, katika hifadhi ya Yosemite, California. Kitanzi cha mbele cha hanesi yake, kile kinachobeba mwili wote mtu anaponing'inia, kilikuwa kimechakaa, kikakatika. Huyu ni mtu ambaye mwaka 1988, pamoja na Paul Piana, aliupanda ukuta wa Salathé kwenye jabali la El Capitan kwa mikono na miguu, kamba ikiwa ya kuwadaka tu wakiteleza. Ujuzi wa kupanda alikuwa nao wote. Kila kijana mpya anayekuja kuchukua hanesi kwangu namsimulia habari hii kabla sijampa, kisha namwonyesha kitanzi cha mbele kiko wapi na namwambia akishike.

Anza na namba, kabla hujanunua chochote

Toa kila kitu stoo, kiweke juu ya turubai, na kila kifaa kipe namba yake peke yake. Usiandike "hanesi za kampuni, 22". Andika namba ya kiwandani iliyo kwenye lebo, mwezi na mwaka wa kutengenezwa, siku kilipotumika mara ya kwanza, na hali yake leo. Kwa vifaa vya zamani ambavyo hujui vimefanya kazi gani, usibuni idadi. Andika "historia haijulikani", vikague kwa ukali zaidi, na vipange kuwa vya kwanza kuondoka fedha ikipatikana. Mimi nilikuwa na lanyadi tano za namna hiyo. Ziliondoka zote ndani ya miezi minne.

Usiandike namba kwa kalamu ya wino juu ya utepe unaobeba mzigo, wala usibandike kitu kwa gundi. Kemikali za wino na gundi zinaweza kuzidhoofisha nyuzi bila wewe kuona. Usitoboe utepe kwa sindano ya kushonea beji. Karabina usiigonge namba kwa patasi wala usiitoboe. Lebo ya kiwandani huwa na nafasi ya kuandika, au tumia kibati kidogo kilichofungwa kwenye kitanzi cha kubebea zana, ambacho hakibebi mtu. Na kijitabu kikikataza kufunga kitu chochote, kitii.

Chipu ya kugusa kwa simu

Kuna kampuni zinazouza vifaa vyenye chipu ndani yake tangu kiwandani. DMM ya Wales wana karabina za namna hiyo, na Petzl wa Ufaransa huweka kwenye bidhaa zao nyingi alama ya mraba inayosomwa na kamera ya simu. Ukiwa navyo, umerahisishiwa. Sisi tulivyokuwa navyo vingi ni vya kawaida, basi tukaweka chipu wenyewe.

Chipu ninazotumia zinaitwa NTAG. Zinasomwa kwa NFC, ile teknolojia ya kugusisha simu kwa karibu, sentimita chache tu, na hazina betri. Ziko za aina tatu unazoweza kukutana nazo: NTAG213 yenye nafasi ya baiti 144, NTAG215 yenye 504 na NTAG216 yenye 888. Nunua 215. Ile 213 ni nafuu lakini kiungo kirefu cha fomu hakitoshi ndani yake, na utagundua baada ya kununua hamsini. Kabla ya yote angalia simu ya stoo kama ina NFC kwenye mipangilio yake, maana simu nyingi za bei nafuu hazina.

Umbo ndilo la kuzingatia sana. Zile za stika ya karatasi zitakufa wiki ya kwanza, jasho na mvua vitazimaliza. Tafuta zile za nguo za dobi: kidude cha duara cha plastiki ngumu, kama kifungo cha koti, chenye tundu katikati. Kimetengenezwa kivumilie kufuliwa na joto la pasi. Kipitishe kamba nyembamba, kifunge kwenye kitanzi cha zana cha hanesi, upande wa nyuma wa kiuno ambako hakimkwarui mtu. Kwa lanyadi, kifunge ndani ya kifuniko cha lebo. Kwa kamba, kifunge mwishoni, baada ya fundo la kuzuia, kwa kile kifungio cha plastiki cha kufungia nyaya, kilegee kidogo kisibane ganda la kamba. Usikiweke kwenye mfuko wa kamba. Mifuko hubadilishana kamba kila siku, na utakuja kuhesabu mfuko.

Karabina ni shida, kwa sababu chuma na alumini huvuruga usomaji wa chipu ya kawaida. Ziko chipu maalumu za kubandika juu ya chuma, lakini nilipopiga hesabu ya karabina mia nikaona nihesabu kwa seti: karabina sita zinakaa kwenye kitanzi kimoja chenye chipu moja, zinatoka pamoja na kurudi pamoja. Si sahihi kama hanesi, ila karabina huonyesha uchakavu wake waziwazi. Mfereji uliochimbwa na kamba ukizidi kina cha milimita 1, inaondoka, hesabu iwe yoyote.

Ndani ya chipu niliandika kiungo cha fomu ya Google ambayo namba ya kifaa imeshajazwa. Ukigusisha simu, fomu inafunguka yenyewe ikiwa na "Hanesi 23", nawe unachagua inatoka au inarudi, unaandika jina la saiti, unatuma. Tarehe na saa vinajiandika kwenye jedwali. Kazi nzima inachukua sekunde chache, na ifanyike mlangoni mwa stoo ambako mtandao upo. Usiwaachie vijana wafanye huko saiti. Nusu ya minara tunayopanda tunaipanda kwa sababu mtandao haupo.

Lipo jambo moja la chipu hizi ambalo wengi hawalijui. NTAG ina kihesabio chake ndani, kinachoongezeka kila chipu inaposomwa, na hakirudi nyuma wala hakifutiki. Kinahitaji kuwashwa kwanza. Mimi niliwasha kwa programu ya TagWriter ya NXP, ambao ndio waliotengeneza chipu, na nikaiambia iweke hesabu hiyo mwishoni mwa kiungo. Fanya hivi kabla hujaifunga chipu isiandikike tena, kwa sababu ukiifunga hairudi. Hesabu inaonekana kwa tarakimu sita, na hapo uwe makini, maana ni hesabu ya kizio cha kumi na sita, ambamo herufi A hadi F husimama badala ya 10 hadi 15. Mwisho wa 2023 chipu ya hanesi 23 ilionyesha 000119. Mtu ataisoma mia moja na kumi na tisa. Sivyo: ni 256, jumlisha 16, jumlisha 9, yaani 281. Fomu ilikuwa na safari 131, kutoka na kurudi ni miguso 262, na ukaguzi wa kila miezi mitatu ni minne, jumla 266. Ile tofauti ya 15 ni watu waliogusisha mara mbili kwa bahati mbaya. Siku hesabu ya chipu itakapokuwa kubwa mno kuliko ya fomu, nitajua kuna safari hazikuandikwa. Fomu ndiyo daftari langu, chipu ni shahidi wake.

Hanesi 24, iliyonunuliwa pamoja na hiyo 23, mwaka huo huo ilikuwa na safari 17.

Kutoka stoo si kupanda

Baada ya miezi kadhaa nikaona hesabu yangu ina tundu. Hanesi inaweza kutoka saa kumi na mbili asubuhi, ikalala kwenye pikapu siku nzima kwa sababu ya upepo, ikarudi jioni. Nyingine ikapanda minara mitatu siku moja. Kwenye fomu zote zimeandikwa safari moja. Hapo ndipo vihisi, yaani vidude vinavyopima vyenyewe, vilipoingia.

Mpwa wangu aliyesoma umeme chuo cha ufundi cha VETA alinishauri kwanza kihisi cha mtikisiko. Tulijaribu, na kwa barabara ya Handeni kikahesabu mitikisiko tangu tulipotoka hadi tuliporudi. Gari linatikisa kuliko mtu. Mtikisiko peke yake usiutegemee.

Kilichotufaa ni mgandamizo wa hewa. Kadiri unavyopanda, hewa iliyo juu yako inapungua, na kihisi kinaona. Huku pwani, kila mita 8 na nusu hivi za kwenda juu mgandamizo unashuka hektopaskali 1, ambayo ndiyo kipimo cha mgandamizo. Mnara wa mita 45 ni zaidi kidogo ya hektopaskali 5. Lushoto, kwenye mwinuko wa mita kama 1,400, hewa ni nyepesi, kwa hiyo hektopaskali 1 ni karibu mita 10, na mnara ule ule utakuonyesha 4 na nusu. Vihisi vidogo vya siku hizi vinaona tofauti ya mita moja bila taabu.

Tunatumia RuuviTag, kidude cha duara kutoka Ufini kinachopima joto, unyevu, mgandamizo na mtikisiko. Kinatumia betri ya sarafu ya CR2477. (Betri hizi ziweke mbali na watoto, zikimezwa ni hatari kubwa.) Sababu ya kukichagua ni kwamba kinahifadhi chenyewe kumbukumbu ya siku 10, kipimo kimoja kila dakika 5, na riga hahitaji kubeba simu huko juu. Wakirudi, nafungua programu ya Ruuvi Station kwenye simu ya stoo, napakua historia, naangalia mstari wa mgandamizo. Ukichelewa zaidi ya siku 10, za mwanzo zinafutika, basi jiwekee kila Ijumaa. Si vya bei ya kutupa, kwa hiyo tuna vinne tu na tunavizungusha: mwezi huu vipo kwenye hanesi nne, mwezi ujao kwenye nne nyingine. Kwa mwezi mmoja napata picha ya wastani: hanesi hii kwa safari moja hupanda mara ngapi. Inatosha.

Kiweke ndani ya kifuko cha kitambaa kinachopitisha hewa, usikizibe kwa plastiki wala gundi, maana kisichopumua hakiwezi kupima hewa. Kifuko kifungwe kwenye kitanzi cha zana kwa kamba mbili, kila moja kwa fundo lake. Usiseme ni kidogo, kina gramu kama 25 tu. Kitu kikidondoka kutoka mita 45 kinafika chini kwa kasi ya kuumiza, na chini yupo mwenzako.

Sasa kusoma mstari, ambako ndiko kazi yenyewe ilipo. Siku ya kwanza nilifurahi nikaita kila mtu: mstari umeshuka hektopaskali 3, hanesi imepanda! Vijana wakanitazama. Siku hiyo hakuna aliyepanda, walikuwa wanachimba msingi wa uzio. Nilikaa na grafu za wiki nzima mpaka nikaelewa. Katika nchi za joto kama yetu, mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka wenyewe mara mbili kila siku, kama bahari inavyojaa na kupwa. Unafika juu karibu na saa nne asubuhi, unashuka hadi karibu na saa kumi jioni, kisha unapanda tena kuelekea saa nne usiku. Tofauti ya asubuhi na jioni ni kama hektopaskali 3, sawa na mnara wa mita 25! Anayesoma maelekezo yaliyoandikwa Ulaya hatalikuta hili, maana kwao mgandamizo huyumbishwa zaidi na dhoruba zinazopita, na wimbi hili la kila siku ni dogo mno.

Dawa yake ni kuangalia kasi. Wimbi la siku linateremka polepole kwa saa sita. Mtu akipanda mnara, mstari unaanguka hektopaskali 4 au 5 ndani ya dakika 10 hadi 20, unatulia chini kwa muda anaofanya kazi, kisha unaruka kurudi pale pale ulipokuwa. Kwenye karatasi unaona umbo la karai: ukuta, sakafu, ukuta. Hesabu makarai. Safari ya gari kutoka Mombo hadi Lushoto nayo itakuonyesha mteremko mkubwa wa kutisha, karibu hektopaskali 100, lakini huo hauna sakafu fupi na haurudi mpaka jioni mnaposhuka. Ukishaona mara tatu, jicho linazoea.

Jambo lililotaka kuvunja kazi yote

Mwezi wa pili wa vihisi, nilipakua historia ya siku moja ya Pangani. Mstari ulifuata wimbi la kawaida tu, haukuwa na karai hata moja. Lakini picha za kazi zilizotumwa ofisini zilikuwa zimepigwa juu ya mnara, na kijana anaonekana amevaa hanesi ile. Kihisi kilibaki garini.

Sikumfokea. Nilimwita pembeni, akanieleza: "Dada, hiki kidude kinapeleka kwa bosi habari kwamba tunakaa juu muda gani. Mwisho wa mwezi tutakatwa." Na haikuwa fikra yake peke yake, walikuwa wamezungumza wote. Wangeweza kuniua hesabu yangu yote bila neno, kila mmoja akikiacha kihisi mahali anapotaka, na mimi ningeendelea kupakua mistari nikidhani ninajua.

Nilikwenda kwa msimamizi kabla ya kurudi kwao. Tukakubaliana mambo matatu, nikayaandika kwa kalamu nene nikayabandika mlangoni. Kihisi ni cha hanesi, si cha mtu, na fomu haina sehemu ya jina la riga. Mistari ya mgandamizo haitoki stoo, wala haiingii kwenye mazungumzo ya malipo. Na hesabu ya kila hanesi inabandikwa ukutani kila mwezi, kila mtu aione. Hilo la tatu ndilo lililobadilisha mambo. Walipoona 23 ina 131 na 24 ina 17, wenyewe walianza kusema, leo nipe yenye siku chache. Yule yule wa Pangani sasa ndiye anayenikumbusha betri zikichoka.

Kama wewe ni kiongozi na unataka vihisi ili uone nani mvivu, nakuomba usivinunue. Utapata namba za uongo juu ya vifaa vinavyobeba uhai wa watu, na utaziamini.

Namba zikifika, ufanye nini

Viwango hivi ni vya stoo yangu, nimevipanga nikitazama vijitabu vya vifaa vyetu na hali ya huku. Hanesi ikifikisha minara 40, inapata ukaguzi wa ziada hata kama miezi mitatu haijafika: utepe wote unapita juu ya kidole gumba, inchi kwa inchi, mbele na nyuma, mwanga wa dirishani. Lanyadi ni minara 25, kwa sababu kulabu zake ndizo zinazogonga chuma kila hatua. Kwa kamba ninaandika pia ni ncha ipi iliyofungwa juu, na kila safari kumi ncha zinabadilishwa. Vilivyotoka Pangani na Mkinga vinaoshwa jioni hiyo hiyo kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kuanikwa kivulini. Ukivilaza na chumvi, asubuhi utakuta unga mweupe kwenye bawaba za karabina na lango haliruki vizuri. Kinachotumika sana kinapumzishwa, kinachokaa kinatolewa. Hanesi 12 imetoka chini ya rundo.

Kisichohesabika

Kuna mambo ambayo chipu na kihisi havitakuambia, na hapa naomba unisikilize sana.

La kwanza ni kuanguka. Lanyadi ikishamdaka mtu, imemaliza kazi yake, hata kama ina safari moja. Kile kifuko chake cha kupunguza mshtuko kimeshonwa kichanike ili nguvu inayofika mwilini isizidi kilonyutoni 6, kama uzito wa kilo 600; kikishachanika hakirudi. Mara nyingine kinachanika kidogo tu ndani na kifuniko kinaonekana kizima. Kifungue uangalie mishono. Na hanesi iliyokuwa na mtu huyo iondoke pia. Kijana asiogope kusema "niliteleza". Kwangu anayesema anapewa hanesi mpya siku hiyo, na hakuna swali la nani alaumiwe.

La pili ni tindikali. Saiti za minara zina betri kubwa za kuhifadhi umeme, nyingi ni za risasi na tindikali. Tindikali inakula nailoni, na inaweza kuikula bila kubadilisha rangi. Mwaka jana gari lilirudi limebeba betri mbovu nne kutoka saiti moja, na hanesi 31, mpya, safari sita, imetandikwa katikati ya betri zisigongane. Nilinusa harufu yake nilipofungua mlango wa nyuma. Niliikunja, nikaikagua, sikuona unyoya wala doa. Fomu ilikuwa inasema sita. Chipu ilikuwa inasema 00000C, yaani 12, sita za kutoka na sita za kurudi. Vijana walinisihi, dada hii bado mpya, bei yake unaijua.

Nilichukua mkasi nikakata tepe za mapaja zote mbili, kitanzi cha mbele na ule wa mgongoni, ili asitokee mtu wa kuiokota jalalani akaivaa. Nikatoa chipu, nikafunga namba 31 kwenye jedwali nikaandika "tindikali". Namba hiyo haitapewa kifaa kingine. Kisha nikapiga simu kuagiza boksi la plastiki lenye mfuniko, la kukaa kwenye kila pikapu, la hanesi na kamba peke yake.